Kibiriti cha baba na spika ya mchangani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwalimu wa Korogwe aliyeandika katika ukurasa huu kwamba anatamani kuacha chaki awe mtangazaji wa mechi za mpira mubashara, ila anasubiri kwanza ajiamini. Mimi nilisubiri hivyohivyo miaka 11, nikiwa keshia wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, hapa Tanga. Ningeendelea kusubiri, leo ningekuwa bado nyuma ya dirisha lile nahesabu noti za watu.

Natangaza mpira redioni, na hamu hii nimeirithi kwa baba. Novemba 1993, Simba ilipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan pale Uwanja wa Taifa, nilikuwa na miaka 7. Tanzania Bara hakukuwa bado na kituo cha televisheni. Tulikuwa na redio moja, na betri zake zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zijikaze hadi jioni. Baba alitandika mkeka sebuleni, akaweka kandambili kila upande kuwa magoli, na kibiriti kikawa ndio mpira. Mtangazaji akisema mpira uko kwa beki wa kulia, kibiriti kinakwenda kulia. Akisema kona, kinakwenda pembeni. Simba ilifungwa 2–0, na kibiriti kililala pale kwenye kandambili hadi usiku, hakuna aliyetaka kukigusa. Baba alikuwa hajawahi kutia mguu katika uwanja ule, lakini jioni nzima alijua mpira uko wapi. Tangu siku ile nilitaka kuwa yule anayemwambia.

Nilipopata ujasiri wa kupeleka ombi katika kituo kimoja, mkuu wa vipindi alinisikiliza kama dakika mbili, akasema, “Dada, sauti yako inafaa kusoma matangazo ya vifo. Mpira ni wa wanaume.” Nilirudi nyumbani nikalia, Mhariri. Miezi saba sikusikiliza hata mechi moja.

Kilichonitoa ni ndondo, mashindano ya mpira ya mtaani kwetu. Kamati ilikodi spika, mshereheshaji hakufika, na mwenyekiti akaniomba niwatajie watu majina ya wachezaji tu. Nikataja majina, kisha mpira ukaanza, na sikukirudisha kipaza sauti. Magoti yalitetemeka kipindi chote cha kwanza. Lakini watu wa mchangani wana wema wao: ukimkosea mchezaji jina wanakupigia kelele palepale, na goli likiingia wanakusahau. Wiki iliyofuata nikaitwa tena. Kwa misimu miwili nilikuwa pale kila Jumamosi na Jumapili, na kila mechi nilijirekodi kwa simu.

Usiku nilimkalisha mdogo wangu kwenye mkeka na kibiriti, nikamchezea rekodi. Mwanzoni kibiriti hakikusogea. Kila mara aliuliza, “Sasa uko wapi?” Nilikuwa namwaga maneno mazuri, nasifia chenga, nasifia mashabiki, na mpira wenyewe simwonyeshi msikilizaji. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi. Kwanza mahali, halafu mtu, halafu kitendo: “katikati ya uwanja, namba nane, anamtafuta winga wa kushoto.” Matokeo na dakika ni vya kurudia mara kwa mara, maana kuna aliyepanda daladala sasa hivi na hajui nani anaongoza. Orodha ya wachezaji unaiandika kwa mkono wako mwenyewe, na jina la mgeni unakwenda kumuuliza yeye mwenyewe linavyotamkwa, wakati timu zinapasha misuli. Pumzi unaivuta mpira ukitoka nje. Mtangazaji marehemu Charles Hilary, aliyetutoka Mei 2025, alikuwa na utulivu huo. Alipopandisha sauti, ulijua kweli kuna hatari langoni.

Halafu niligundua kitu kilichonifurahisha sana. Miaka yangu 11 dirishani haikupotea. Keshia anahesabu fedha huku anaongea na mwanachama, macho kwenye noti, sikio kwa mtu, na foleni inamsubiri. Namba za wanachama nilizikariri kwa mamia, basi namba za jezi 22 zitanishinda? Nawe mwalimu, umesimama mbele ya watoto 80 wasiotaka kunyamaza. Usije ukasema huna pa kuanzia.

Mara ya kwanza hewani ilikuwa mechi ya ligi ya mkoa, katika redio moja ya jamii. Mvua ilinyesha, jezi zikajaa tope. Goli likaingia nami nikamtaja namba 6. Ilikuwa namba 9. Fundi mitambo akanionyesha vidole tisa, na moyo ukanishuka hadi tumboni. Nikasema, “Wasikilizaji, nimekosea, mfungaji ni namba 9,” nikaendelea na mpira. Dunia haikusimama. Kama kuna dakika niliyoanza kujiamini, ni ile.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Sikuacha kazi siku ileile. Kwa miaka miwili niliendelea kuhesabu noti Jumatatu hadi Ijumaa, na jioni nikasoma stashahada ya uandishi wa habari, kwani kanuni za Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 zinaitaka kwa anayetafuta ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kuwa mwandishi wa habari. Nilipokuwa na akiba ya kodi na chakula cha miezi sita, ndipo nikaandika barua ya kuacha kazi. Mama alinuna wiki nzima.

Ombi langu kubwa, Mhariri, ni kwa wenye redio. Mnalalamika hamna watangazaji wapya, na kipaza sauti mnampa mgeni siku ya mechi kubwa, akibabaika mnamfukuza. Ziko mechi za UMITASHUMTA za shule za msingi na UMISSETA za sekondari, iko ligi ya mkoa, ziko timu za wanawake ambazo hazitangazwi kabisa. Mpeni mgeni dakika 10 za kipindi cha pili pale, akae pembeni ya mzoefu. Na akija mwanamke, msikilizeni kwa macho yaliyofumbwa, muone kama mpira mnauona.

Mwalimu, ndondo yetu inaendelea Chumbageni kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni. Njoo na simu ya kurekodia. Kipindi cha kwanza natangaza mimi, cha pili nitakuachia wewe.

Keshia wa zamani,
Chumbageni, Tanga