Samaki wakifa, pimeni na kromiamu

Ndugu Mhariri,

Kila samaki wakielea ziwani tunapewa jibu lilelile: maji yamekosa hewa. Mara nyingi ni kweli. Hata hivyo, sisi wenye vizimba vya sato huku Ilemela tunaomba maji yapimwe pia kromiamu, metali itumikayo viwandani, hasa pale Mto Mirongo unapomwaga maji ya jiji.

Na wapimaji wasituletee jumla ya kromiamu yote tu, bila kutenganisha aina zake. Kromiamu ya kusindika ngozi kwa kawaida ni ya aina ya tatu, ambayo hunasa zaidi kwenye tope. Ile ya sita, ya kung'arishia vyuma, huyeyuka na kupenya matamvua ya samaki. Maabara hupima sumu ya muda mfupi kwa saa 96, kuona kiasi kinachoua nusu ya samaki. Kwa aina ya sita, samaki wengi wa maji baridi hustahimili hadi makumi ya miligramu kwa lita, lakini vidudu vidogo ambavyo ni chakula cha vifaranga vya samaki hufa kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo kusema "samaki wazima wapo" si jibu. Chakula cha wadogo chaweza kuwa kimeshakwisha.

Vipimo vya samaki wa baharini navyo visitumike huku, maana chumvi hupunguza makali ya aina hiyo ya sita.

Sampuli zichukuliwe siku ileile, majibu yabandikwe mwaloni. Sangara wa ziwani ataogelea kwingine. Sato wangu wamefungiwa.

Mfugaji wa samaki,
Ilemela, Mwanza