Mjomba, Kwa Hesabu Yako Emerson Amempita Laver

Mjomba wangu mpenzi,

Salaam aleikum. Ile sauti uliyotuma kwenye grupu la familia nimeisikiza yote, pamoja na kikohozi na adhana iliyokukatiza katikati. Wasema mjadala wa nani mchezaji bora wa tenisi wa enzi zote umekwisha: Djokovic ana mataji makuu 24, Nadal 22, Federer 20, Sampras 14, na anayebisha ana wivu tu. Basi mimi nabisha, na wivu sina.

Kuanzia 1968, wachezaji wa kulipwa waliporuhusiwa kwenye mashindano makuu, kuja huku, mchukue Djokovic wako, sitakuzuia. Kamfunga Federer mara 27 katika mechi 50, kamfunga Nadal mara 31 katika mechi 60, na hakuna hata moja katika yale mashindano makuu manne (Australia, Ufaransa, Wimbledon ya Uingereza na Marekani) ambalo hajalichukua angalau mara tatu. Hapo sina neno. Neno langu liko kwenye hiyo “wa enzi zote” uliyomalizia nayo.

Kwa sheria yako ya kuhesabu, Roy Emerson wa Australia, mwenye mataji 12, ni mkubwa kuliko Mwaustralia mwenzake Rod Laver mwenye 11, tena ni mkubwa kuliko Borg wa Uswidi, naye mwenye 11. Nambie, ni lini ulimsikia mtu akimtaja Emerson hapo barazani kwenu? Watu wamwaga kahawa wakigombania Borg na Sampras, Emerson hatajwi hata kwa bahati mbaya. Na rekodi yake ilikaa mpaka mwaka 2000, Sampras alipoivuka.

Simvunjii heshima, alikuwa mchezaji hodari. Ila tazama miaka. Mwaka 1961 alimfunga Laver fainali mbili, ya Australia na ya Marekani. Mwaka 1962 Laver akalipiza: akamfunga Emerson fainali tatu, Australia, Ufaransa na Marekani, akaongeza na Wimbledon, yote manne kwa mwaka mmoja. Halafu akaenda kucheza kwa malipo. Siku hizo mashindano makuu yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao (ridhaa ya jina, maana bahasha zilikuwa zikipenyezwa), na ukishatia saini mkataba wa pesa, mlango umefungwa. Katika mataji 12 ya Emerson, 10 aliyapata kati ya 1963 na 1967, Laver akiwa nje.

Sasa hapa ndipo panaponinogea. Huyo Laver, ametoka kuchukua yote manne, alipofika kwa wenzake wa kulipwa mwanzoni mwa 1963 alipigwa mfululizo na Ken Rosewall na Lew Hoad. Maana yake ni kwamba hata ule ushindi wa 1962 haukumkuta mchezaji bora wa wakati ule, kwa sababu mchezaji bora hakuruhusiwa kuingia. Ni kama kumtangaza bingwa wa bao wa mtaa mzima huku wale wakali wamezuiwa mlangoni.

Rosewall, mjomba. Huyo ndiye naona mmemdhulumu. Mtu mfupi, hana mpira mkali wa kuanzishia, lakini pigo lake la mkono wa nyuma walikuwa wakiliogopa wote. Alichukua taji la Ufaransa mwaka 1953. Akaenda kwa wa kulipwa, akakaa nje ya mashindano makuu zaidi ya miaka kumi, na milango ilipofunguliwa 1968 akarudi Paris, akamfunga Laver fainali. Miaka 15 kati ya taji na taji! Mwaka 1972 akachukua Australia akiwa na miaka 37. Mwaka 1974, na miaka 39, akafika fainali ya Wimbledon na ya Marekani, ingawa kijana Connors wa Marekani alimchapa vibaya kote kuwili. Hesabu yako yampa 8 na kumpitia mbali.

Halafu wale vijana wa barazani na “fulani angemfunga fulani” yao. Hiyo raketi yako ya mbao, unayoibana kwenye fremu yenye skrubu nne isipinde kwa unyevu wa bahari, niliishika Idi iliyopita. Nzito, kichwa kidogo, ukikosa katikati kidogo tu mkono wakufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Borg alichukua Wimbledon mara 5 mfululizo kwa mbao, na alipojaribu kurudi na mbao kwenye mashindano ya Monte Carlo mwaka 1991, wenzake wameshahamia raketi za kisasa, Jordi Arrese wa Uhispania alimfunga 6-2, 6-3. Mechi hiyo haikuambii lolote kuhusu Borg wa 1980. Tena Borg huyo Australia alikwenda mara moja tu maisha yake, kama wengi wa wakati wake walivyoiruka, kwa hiyo hata 11 zake zilitafutwa kwenye mashindano matatu.

Ukinibana nichague, nasema Laver, kwa ajili ya 1969. Mwaka huo alichukua yote manne tena, na safari hii kila mtu aliruhusiwa kucheza. Najua utaniambia matatu kati ya hayo yalichezwa kwenye nyasi, si kwenye viwanja vya aina mbalimbali kama leo. Kweli, na hiyo ni hoja nzuri kuliko yote uliyoitoa kwenye ile sauti.

Lakini kabla ya nyasi, nijibu la Emerson. Na ujibu kwenye grupu, usinipigie kando, maana shangazi naye angoja kusikia.

Mwanao,
Mombasa