Kwa mdogo wangu uliyekabidhiwa glasi ya harusi

Mdogo wangu,

Unauliza glasi itakayovunjwa na bwana harusi wa Kiyahudi inaleta bahati gani. Haimletei yeyote bahati. Kwa kuwa watu hupaza sauti "Mazel tov!" (hongera) mara inapopasuka, mgeni hudhani ni shamrashamra tu, kumbe ni huzuni iliyoingizwa makusudi katikati ya furaha.

Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, inasimulia kwamba Mar mwana wa Ravina alipomwoza mwanawe aliona marabi, yaani walimu wa dini, wamechangamka kupita kiasi. Akaleta kikombe cha thamani ya zuzi 400 (sarafu za fedha za kale), akakivunja mbele yao, wakahuzunika. Piga hesabu: ketuba, yaani hati ya ndoa, humwekea bibi harusi mwanamwali zuzi 200. Kikombe kimoja, ketuba mbili! Karne nyingi baadaye desturi hiyo ilifungamanishwa na Hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa na Warumi mwaka 70. Ndiyo maana bwana harusi wengi hutamka kwanza kiapo cha Zaburi ya 137, cha kutoisahau Yerusalemu.

Sasa kazi yako. Tafuta glasi ya mvinyo, nyembamba. Kristali nzito hugoma, na bwana harusi akibaki anarukaruka, watu wataangua kicheko pale pasipotakiwa kicheko. Wapo wanaotumia balbu kwa sababu ya kishindo chake. Mimi siipendi, inageuza jambo kuwa fataki. Izungushie glasi kitambaa kizito mara mbili, kisha itie katika mfuko wa nguo na uukaze mdomo kwa uzi. Karatasi za kufutia mikono hazifai, vipande huzitoboa. Ilaze ubavu, kwani ikisimama shina lake linaweza kuchoma soli. Avae kiatu cha soli ngumu, akanyage kwa kisigino na uzito wote. Kama hupa, kile kitambaa wanachosimama chini yake, imewekwa kwenye nyasi au mchanga, tanguliza ubao. Bila hivyo glasi itadidimia tu.

Mara nyingi huvunjwa baada ya baraka saba zinazosomewa maharusi, lakini desturi zinatofautiana, kwa hiyo muulize rabi mapema. Waambie wapiga muziki wasianze kabla glasi haijasikika.

Mfuko usiufungulie ukumbini, wala usiutupe kabla ya kuwauliza maharusi. Wengine hupeleka vipande kwa fundi akavitia katika kasha la mezuza, yaani maandiko matakatifu yanayowekwa kwenye mwimo wa mlango wao.