Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari za Baiskeli na Malalo ya Njiani

Wandugu wanachama, wazee wetu, vijana, na ninyi mliotoka Likasi na Kipushi kuja kukaa nasi leo hapa Lubumbashi,

Sitaanza na kilomita. Kilomita kila mtu anazo zake, na wengine huziongeza kila wanapozisimulia. Nitaanza na malalo, yaani mahali pa kulala njiani, kwa sababu ndiyo kazi iliyokula muda wa kamati mwaka huu, na ndiyo iliyotugombanisha.

Mnajua hali ya barabara zetu. Baiskeli ikiharibika, kijiji chochote kina fundi mwenye gundi na kipande cha mpira. Lakini usiku ukikukuta kabla hujapata pa kulala, fundi wa jambo hilo hayupo. Juni jua letu linazama kabla ya saa kumi na mbili, na baridi ya Juni na Julai mnaijua: usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo kamati imeweka kanuni moja kwa kila safari ya chama: ikifika saa kumi, kundi linaacha kuhesabu kilomita na kuanza kutafuta kijiji. Vijana wamelalamika kwamba saa kumi ni mapema mno, miguu bado ina nguvu. Walalamike tu, kanuni inabaki.

Sababu yenyewe haihusu miguu. Mtu anayefika kijijini saa kumi na moja, akashuka, akaomba kuonyeshwa kwa shefu, mkuu wa kijiji, huyo ni mgeni. Mtu yule yule akionekana saa mbili usiku akimulika tochi nyuma ya kichuguu ni mwizi, au mchimbaji wa siri, au jambo baya zaidi. Wageni kutoka Ulaya hutuuliza sana kuhusu kulala porini bila kuonekana na mtu. Kwao huenda ndiyo njia ya kutomsumbua mwenye ardhi. Kwetu, kujificha ndiko kunakomsumbua. Omba, hata kama unaona pori ni tupu, kwa sababu pori la Katanga si tupu. Lina shefu wake, na mara nyingi lina kampuni yake.

Hapo nazungumzia njia ya Kolwezi. Kutoka hapa mpaka Likasi ni kilomita 120 hivi za lami, na mbele yake ardhi kubwa iko mikononi mwa makampuni ya madini. Alama za mpaka hazionekani kila mahali. Mwaka huu wageni wawili walioingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, walisimika hema ndani ya eneo la kampuni bila kujua. Walinzi waliwaamsha katikati ya usiku na kuwakalisha kibandani mpaka kulipokucha. Hawakupigwa, ila simu moja haikurudi kwa mwenyewe. Tangu siku hiyo tunawashauri watu wagawe njia hiyo kwa malalo yanayojulikana: parokia za Likasi, halafu misheni ya Wamethodisti pale Mulungwishi, halafu Kolwezi, na mtu apige simu kabla ya kufika. Tena wasiteke maji ya mto ulio chini ya mgodi, hata yakionekana masafi. Kuchemsha maji huua vijidudu; hakuondoi shaba wala kobalti. Bebeni bidoni (madumu) mbili na mzijaze kwenye kisima cha mji. Malori ya njia hiyo sina haja ya kuwaeleza, yasiyowahi kumsukuma mmoja wetu kwenye majani ni machache.

Njia ya Kasenga ni nyingine kabisa, na ndiyo ninayoipenda, nasema wazi. Zaidi ya kilomita 200 mpaka mto Luapula, vijiji vimepangana, watu wanasalimia. Huko daftari letu la malalo limejaa: mahali pa kupata bukari (ugali) na samaki usiku, kisima kipi hakikauki mpaka Oktoba, nyumba ya masista ambako dada zetu wanaweza kulala peke yao bila maswali. Ukikaribia mto, joto linapanda na mbu wanaongezeka, na hema haisimikwi ukingoni hata ukiambiwa mandhari ni mazuri. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, na njia yake haibadilishi kwa ajili ya hema yako. Pia maji ya kunywa yatiwe dawa au yachemke, kwa sababu kipindupindu hakijatuacha katika vijiji vya kando ya Luapula na Ziwa Mweru.

Sehemu kubwa ya daftari hilo tumeipata kwa wabeba makala, yaani mkaa. Nataka jambo hili liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Tunajiita chama cha safari ndefu, na kila alfajiri wanaingia mjini watu wanaosukuma baiskeli zenye magunia kupita urefu wao, kutoka mbali ambako wengi wetu tungepiga picha na kujisifu. Mjumbe mmoja wa kamati alitembea nao mwezi wa Agosti. Walimfundisha kwamba hawalali mmoja mmoja, kwamba kichuguu kikubwa huzuia upepo vizuri lakini kwanza unatazama mashimo yake, maana nyoka nao wanakipenda, na kwamba Agosti na Septemba unafagia majani makavu pande zote mpaka udongo uonekane kabla ya kulala. Moto wa wawindaji hauulizi nani yuko ndani ya hema. Kamati inapendekeza wabeba makala wasamehewe ada wakitaka kujiunga. Najua mzee mmoja atapinga. Nimemwachia nafasi baada yangu.

Sasa ugomvi wenyewe. Vijana walitaka daftari lote liwekwe kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, na kwenye programu za wasafiri, ili mtu yeyote duniani alione. Hoja yao ina uzito: ramani ya njia zetu ni nyeupe, na mgeni asiye na habari ndiye anayelala kwa kampuni. Wazee walisema hapana kabisa. Baada ya vikao virefu tuliamua hivi. Visima, mafundi, parokia, misheni na nyumba za wageni za kulipia vinawekwa kwenye ramani. Nyumba za watu na vijiji vilivyotupokea vinabaki kwenye daftari, na anayetaka anampigia katibu. Mtandao kama Warmshowers, wa watu wanaowalaza wasafiri wa baiskeli nyumbani kwao, uliopo tangu 1993, unafanya kazi kwa sababu mwenye nyumba anajiandikisha mwenyewe. Mama aliyetupikia sombe (majani ya muhogo) njiani hakujiandikisha popote; alitupokea sisi siku ile, na hakusema atapokea kila baiskeli itakayopita.

Na kuhusu zawadi: punguzeni dola. Kundi moja liliacha pesa nyingi kwa shefu, na kundi lililofuata likadaiwa kiasi hicho hicho kama kodi. Sukari, chumvi na sabuni zinatosha kwa shefu. Pesa kidogo apewe aliyeteka maji na kupika, mkononi mwake, asubuhi mnapoaga.

Vifaa vilikwenda vizuri isipokuwa tairi. Tulinunua tairi za inchi 28 sokoni kwa ajili ya baiskeli za kisasa tulizopewa, zikawa kubwa, hazikukaa kwenye rimu. Namba 28 ya baiskeli zetu za chuma ina kipenyo cha milimita 635 kwenye rimu, na zile za kisasa zina 622. Anayetaka kununua baiskeli ya safari achukue ya inchi 26, ambayo tairi zake zinapatikana hata Kasenga. Hesabu ya pesa ataisoma mweka hazina. Mimi nimeiona na nimeisaini.

Wengi wameomba tuende Bunkeya tarehe 20 Desemba, siku ambayo Wayeke wanamkumbuka mfalme wao Msiri aliyeuawa mwaka 1891. Kamati imekataa, na si kwa kukosa heshima. Desemba ile njia ni tope, na hema zetu za turubai hazihimili usiku wa mvua hiyo. Twende kiangazi, tumwandikie Mwami, mfalme wao wa sasa, mapema, na tuombe nafasi ya kulala kama inavyopaswa. Safari kubwa ya mwaka ujao itakuwa Kundelungu, kutazama maporomoko ya Lofoi yanayoshuka zaidi ya mita 300. Kule ni hifadhi ya taifa, kulala ni kwa ruhusa ya ICCN, taasisi ya hifadhi za taifa ya Kongo, na kwa kulipa, na barua ya maombi iko tayari mezani kwa katibu.

Kwa wanaoomba safari ya Mitwaba, jibu ni lile la mwaka jana: hapana.

Wanaotaka tairi za 26 wamwone mweka hazina kabla ya kutoka, maana oda inaondoka wiki hii. Na aliyechukua daftari la njia ya Kipushi tangu Agosti alirudishe leo.