Barua ya wazi kwa Naibu Chansela: Kongamano lenu lishuke Kengeleni

Mheshimiwa Naibu Chansela,

Salamu kutoka Kisauni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Nimesoma wito wenu wa makala za kongamano la dini na Waafrika wa ughaibuni, litakalofanyika hapa Mombasa. Nikausoma tena, kisha nikampa mjukuu wangu anisomee kwa sauti, nisije nikawa nalaumu watu kumbe ni macho yangu. Haiti imo na dini yake ya Vodou. Bahia ya Brazil imo na dini yake ya Candomblé. Cuba imo, Marasta wa Jamaica wamo. Bahari ya Hindi haimo. Mombasa yenyewe imetajwa mara mbili: mahali pa mkutano, na kwenye orodha ya hoteli.

Sina ugomvi na Bahia. Darasani nilikuwa nikisimulia jinsi watumwa Waislamu wa Salvador, mji mkuu wa Bahia, walivyoinuka mwezi wa Ramadhani mwaka wa 1835, na wanafunzi walikuwa hawataki kengele ya kwenda nyumbani ilie. Lakini mgeni akija Mombasa kuzungumzia Waafrika waliotawanywa, akarudi kwao bila kujua kwamba baadhi yao walirudi papa hapa, tutakuwa tumemdhulumu.

Kila siku matatu ikishavuka daraja la Nyali, makanga huita, "Kengeleni! Kengeleni!" Wengi wanaoshuka hawajui ni kengele gani. Ni ya Frere Town, makazi ambayo wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, waliyaanzisha mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Ukisikia hivyo utadhani ilikuwa kazi ya Wazungu tu. La. Nguzo za pale walikuwa Waafrika waliotoka India. Walitekwa bara wakiwa watoto, majahazi yaliyowabeba yakakamatwa na manowari za Uingereza, wakashushwa Bombay, wakalelewa kwenye misheni karibu na Nashik. Huko walifundishwa Biblia na kazi za mikono, ndipo wakaletwa huku wakiwa watu wazima. Wakaitwa Waafrika wa Bombay.

Mmoja wao, William Jones, alipewa daraja ya ushemasi mwaka wa 1885, na mwaka huohuo akafuatana na Askofu Hannington safari ya kwenda Uganda. Askofu aliuawa Busoga. Aliyeurudisha msafara pwani, njia nzima ile, ni Jones. Sasa niambie, Profesa: mtu aliyezaliwa Afrika, akalelewa India, akahubiri Rabai, utamweka jopo gani? Ni mwenyeji au ni wa ughaibuni?

Na wako waliobaki ng'ambo. Masidi, watu wenye asili ya Afrika wanaoishi Gujarat, India, mpaka leo huzuru kaburi la Bava Gor, juu ya kilima cha Ratanpur, walii ambaye kwa masimulizi yao alitoka Uhabeshi akawa mfanyabiashara wa akiki. Ngoma wanayomchezea wanaiita goma. Goma! Na sisi tunalo letu, lile la bakora. Karachi, Pakistan, nako Masheedi, wenye asili ya Afrika pia, wana ziara yao Manghopir, penye bwawa la mamba. Oman wanacheza leiwa, ngoma yenye asili ya Afrika.

Hapo ndipo ningependa wasomi wenu waumize vichwa. Mtoto aliyetekwa bara, akishushwa gati hii, anakua shemasi wa Kianglikana. Nduguye akishushwa gati ile, anakua fakiri wa Bava Gor. Imani ipi ilitoka moyoni na ipi ilitoka bandarini? Mimi sina jibu, na miaka yangu ya kulitafuta imebaki michache.

Ila jibu halitapatikana kwa utaratibu mlioupanga. Ikisiri mnazipokea kwa Kiingereza na Kifaransa. Ada inalipwa kwa dola. Wazee wa Frere Town, ambao babu zao walipewa majina ya Kiingereza na wao wanaongea Kiswahili kitupu, mtawasikia vipi? Na walimu wa madrasa wa Mji wa Kale?

Miaka ya nyuma kongamano jingine, waandaaji wake sitawataja, lilitualika sisi wazee. Tukajitayarisha kuzungumza. Tulipofika tukaambiwa zamu yetu ni jioni, wageni wakiwa mezani: tupige matwari. Tukapiga. Mwenzetu mmoja alikuwa amekuja na daftari la masimulizi ya bibi yake, akarudi nalo kwapani. Ameshafariki, Mungu amrehemu. Daftari sijui liko kwa nani.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Pokeeni ikisiri kwa Kiswahili, na wakalimani wawepo ili mgeni ndiye avae visikizi, kwa mara moja. Mkazi wa Mombasa asitozwe ada. Na siku moja nzima, isiwe ile ya mwisho ambayo watu wanafunga mabegi, mkutano uhamie Frere Town, kanisani au chini ya mwembe, wenyeji wazungumze kwanza na maprofesa waulize maswali.

Najua wageni mtawapeleka Fort Jesus. Hakuna anayekuja akakosa kupelekwa. Wakitoka, waonyesheni makaburi ya Mazrui hapo karibu, alikozikwa Profesa Ali Mazrui mwaka wa 2014. Alifundisha Marekani miongo kadhaa na akataka alazwe kwao. Kisha wapandisheni matatu ya Kisauni, si basi la hoteli, wasikie makanga akiita.

Mkikubali, nitumieni tarehe tu. Nitakuwa chini ya ile kengele saa mbili asubuhi, na daftari langu mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa