Mume wangu anasema nalala na watu masikioni

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa na robo usiku. Hedifoni ziko chini ya mto na sijaziwasha, ndiyo maana niko macho nakuandikia. Neno lenyewe ni hili: "Mke gani analala na watu masikioni?" Kalisema, kageukia ukutani, sasa anakoroma. Neno kaniachia mimi.

Watu wenyewe ni wa hizi video za ASMR, za minong'ono na sauti laini za kutuliza, ninazosikiliza ili nilale. Najua unazijua, kwa hiyo sitakuchosha kuzieleza. Nataka tu ujue hakuna uchafu. Ile ninayoisikiliza zaidi, mtu anakunja taulo kwa dakika 40. Taulo, Shangazi! Analipitishia kiganja, analikunja mara tatu, analiweka, kisha anakunong'oneza sikio la kushoto kwamba linalofuata ni la bluu. Basi. Nyingine ni brashi laini inayopita juu ya maikrofoni, nyingine ni kucha zinagonga kifuniko cha mbao, kulia, kushoto, kulia. Ukiwa mtu wa kupatwa, unapata ule msisimko unaoanzia utosini, unashuka kisogoni hadi mgongoni, na mabega yanalegea yenyewe. Wapo wasioupata kabisa hata wasikilize mwaka mzima. Nadhani yeye ni mmoja wao, na mtu wa namna hiyo akisikia anachosikia ni mgeni anayenong'ona gizani. Hapo namwelewa. Lakini "nalala na watu"?

Nilimtafutia hata utafiti. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Swansea, Emma Barratt na Nick Davis, waliwahoji watu 475 wanaoupata msisimko huu. 82 kati ya kila 100 walisema wanatumia hivyo vitu kulalia, na 5 tu kati ya 100 ndio waliovitumia kwa ashiki. Mwaka 2018 watafiti wa Sheffield wakapima mapigo ya moyo, wakakuta kwa wanaopatwa yanashuka kwa kama 3 kwa dakika. Nikamsomea yote. Unajua kajibu nini? "Nani kakwambia wewe hauko kwenye hao 5?"

Tafadhali usiniambie nitumie spika ili naye asikie. Nimeshaambiwa. Hizi sauti hurekodiwa kwa maikrofoni mbili zilizotenganishwa kama masikio ya mtu, kwa hiyo kulia lazima iingie kulia na kushoto kushoto. Ukiweka simu kwenye meza ya kitandani, zote mbili zinachanganyika hewani kabla hazijakufikia, na ule ukaribu unakufa. Halafu mnong'ono hauna mlio wa koo, ni pumzi tupu. Ukiongeza sauti ili uusikie kwenye spika, kila "s" na "sh" inakukata kama wembe. Siku aliyotaka kuhakikisha, alichukua hedifoni moja mimi nikabaki na nyingine. Alisikia nusu ya taulo. Kwa nusu hiyo ndiyo nimehukumiwa.

Na usidhani sijajirekebisha kwa ajili yake. Nilianza na zile hedifoni za kutumbukiza. Ukilala ubavu zinakandamiza sikio hadi linauma, na zinasukuma nta ndani. Nikahamia kwenye kitambaa cha kufunga kichwani chenye spika bapa ndani, hakivujishi kitu ukiweka sauti chini. Na sauti inatakiwa iwe chini kweli: chumba kikiwa kimya, uambulie neno hapa neno pale. Ukiweza kufuata sentensi nzima, akili inafuata na hulali. Napakua mapema, tena kwa ubora wa juu, maana ukipakua hafifu ile pumzi inageuka kuwa mchanga. Kupakua pia kunaniepusha na matangazo. Mtu ananong'ona, ghafla tangazo linaingia kwa sauti ya mchana na moyo unaruka. Nimezima ile ya video inayofuata kujianzisha yenyewe. Kipima muda ni dakika 45. Simu iko mezani, kioo kimefunikwa, na siichaji chini ya mto kwa sababu inachemka. Kilichonishinda ni kile kisauti cha hedifoni kinachotangaza kwamba betri inakwisha. Kinatangaza saa nane usiku, kwa nguvu, na lugha si yangu. Sasa nachaji tangu jioni.

Za kutafuna nimezifuta zote kwa sababu yake. Sauti ya mtu akitafuna inampandisha hasira, taya inakaza kabisa. Wapo watu wa hivyo, hali yenyewe inaitwa misofonia, sikumlaumu. Mimi nimejifunza masikio yake. Yeye yangu kayafanya danguro.

Kuacha naweza, hata leo. Leo nimeacha, na ndiyo haya, saa kumi kasorobo. Tena kupumzika siku chache kunashauriwa, kwa sababu ukisikiliza ileile kila usiku mwili unaizoea na msisimko unapotea. Ukikaa bila, unarudi. Huwa nafanya hivyo. Shida ni kwamba siku hizo yeye anasema, "Umeona? Kumbe unalala bila hao watu." Silali, Shangazi. Nafumba macho tu.

Sijui kwa nini nimeandika marefu hivi kuhusu hedifoni. Kuna kitu kimoja sijamwambia. Akikaa mezani kupanga risiti zake, anailainisha moja moja kwa kidole gumba, anaipanga, anavuta nyingine, huku anajihesabia kwa sauti ya chini, ule msisimko unanijia uleule. Mkali kuliko wa taulo. Nabaki mlangoni nikijifanya natafuta chaja. Nimefikiria kumwomba anirekodie dakika 20 tu. Simu ingetosha: feni imezimwa, madirisha yamefungwa, simu ilazwe juu ya kitambaa kama sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" zisiipige kwa pumzi, na ahesabu zile risiti tu. Isingekuwa na kulia na kushoto, lakini ingekuwa yeye. Au nisirekodi, nimwombe ahesabu pale pale kitandani? Sasa, baada ya neno lile, nitamwombaje? Si ataona nimekiri kwamba kweli nilikuwa natafuta mtu? Na akicheka?

Sitaki uniambie nikae naye tuzungumze. Tumezungumza, ndipo neno lile lilipotoka. Au labda uniambie, lakini unipe sentensi ya kuanzia.

Kageuka, sasa uso wake uko upande wangu. Hedifoni siziwashi. Labda ile ya taulo tu, dakika 10.

Mimi,
Asiyelala