Wauzaji wa mtandaoni wanaochelewesha mizigo wawajibishwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie wafanyabiashara wa mtandaoni wanaopokea fedha za mteja kwa simu leo, kisha kwa wiki kadhaa wakamjibu "mzigo uko bandarini" hadi wanapoacha kabisa kupokea simu zake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji atekeleze oda ndani ya siku 30, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Akishindwa, mnunuzi anaweza kuvunja mkataba. Haki hiyo ni nzuri, lakini inamwachia mama aliyelipia cherehani kazi ya kumsaka mtu asiye na duka wala anwani, na ni wangapi watakwenda mahakamani kwa fedha kiasi hicho?

Nchini Marekani, mwaka 2020, kampuni ya nguo ya Fashion Nova ilikubali kulipa dola milioni 9.3 kumaliza madai ya serikali kwamba ilichelewesha mizigo bila kuwapa wateja nafasi ya kughairi, na kwamba iliwapa kadi za kununulia bidhaa zake badala ya kuwarudishia fedha. Tume yetu ya Ushindani, ambayo ina jukumu la kumlinda mlaji, nayo iwafungulie mashauri wauzaji wanaolalamikiwa mara kwa mara.

Msomaji,
Dar es Salaam